Hakimu wa Gemu ni Mkono

Ndugu zangu wapenda gemu, na nyinyi wazazi ambao mifuko yenu ndiyo inayogharamia mapenzi hayo, nipeni masikio. Gemu kubwa ikitangazwa, sisi hugeuka mahakimu kabla kesi haijasomwa. Trela ya dakika moja na nusu inatoka usiku, na kufikia asubuhi hukumu imeshapita: picha kali, picha mbovu, hii ndiyo yenyewe, hii haina kitu. Watu wanagombana, urafiki unaingia doa, na hela inaanza kuwekwa kando kwa ajili ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekigusa. Nasema inatosha! Kuhukumu ni haki ya anayelipa, tena ni wajibu wake, wala simzuii mtu. Ninachokipinga kwa moyo wangu wote ni kuliachia jicho kazi yote. Filamu imeumbiwa jicho. Gemu imeumbiwa mkono: unabonyeza, inajibu, na uhai wake wote umo katika jibu hilo.

Chukueni gemu inayongojewa kuliko zote, Grand Theft Auto VI ya Rockstar. (Wazazi, hiyo ni ya watu wazima, nalisema mapema lisije likasahaulika.) Trela yake ya kwanza ilitoka Desemba 2023, ikatazamwa zaidi ya mara milioni 90 ndani ya saa 24. Ya pili ikafuata Mei 2025. Tukaonyeshwa mji wa Vice City na jimbo la kubuni la Leonida, lenye fukwe na vinamasi vya mtindo wa Florida. Tukamwona Jason, mmoja wa wahusika wakuu, juu ya paa akikarabati, tukamwona mwenzake Lucia akitoka gerezani. Watu wakasimamisha video, wakaikuza, wakajadili mapovu ndani ya chupa ya bia. Rockstar wakaeleza kuwa trela hiyo ya pili ilirekodiwa yote kwenye PlayStation 5, nusu yake uchezaji, nusu yake matukio ya kutazama. Vizuri. Sasa nijibuni: ni wapi katika trela hizo mbili mlipouona mkono? Ni wapi mtu alibonyeza na mji ukamjibu? Hakuna ramani pembeni, hakuna alama ya uhai wa mhusika, kamera inakaa anapotaka mwongozaji. Tulipewa ushahidi wa picha, tena ushahidi mzuri mno, na kiasi fulani cha ushahidi wa mwendo. Wa mwitikio hatukupewa hata chembe. Na bado tulihukumu yote matatu kwa pamoja!

Picha, mwendo, mwitikio. Trela zote hupanga hivyo, kwa sababu picha ndiyo inayoonyesheka upesi na mwitikio hauonyesheki kabisa mpaka mtu ashike pedi. Nawasihi mpindue mpangilio huo. Anzeni na mwitikio, mshuke kwenye mwendo, picha ziwe za mwisho. Atakayefuata njia hii atadanganywa mara chache sana.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya gemu tulifundishwa jambo hili tukiwa wadogo, kisha tukalisahau. Kumbukeni Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 kwenye PlayStation 2. Vidole vya CJ, mhusika wake mkuu, vilikuwa vimegandana, milima ya mbali ilifichwa na ukungu, sura za wapita njia zilijirudia mtaa hadi mtaa. Lakini ukimlisha CJ baga moja baada ya nyingine alinenepa mbele ya macho yako, na ukizidisha alitapika palepale dukani. Mnene yule alikimbia kwa shida. Ukimpeleka jimu akajenga misuli, ngumi zake zikawa nzito zaidi. Ukimzamisha majini mara kwa mara, pumzi yake ilirefuka. Ukimbadilisha nguo, watu wa barabarani walisema neno juu ya mavazi yake. Ndiyo sababu mtu aliyelipia nusu saa aling'ang'ania pedi muda wake ulipokwisha. Hakung'ang'ania milima. Alikuwa amefanya jambo, na ulimwengu ukamwonyesha kuwa umelisikia.

Miaka 13 baadaye, mwaka 2017, Nintendo walitoa The Legend of Zelda: Breath of the Wild. Gemu hiyo iliendeshwa pia na Wii U, mashine ya mwaka 2012 ambayo kwa nguvu za picha ilikuwa nyuma ya wenzake wote. Nendeni mkaitazame kwa makini. Washa moto kwenye majani makavu: majani yanashika, moto unasambaa kwa upande wa upepo, joto linapanda juu, nawe ukifungua kitambaa chako cha kurukia, hewa hiyo ya moto inakunyanyua mpaka unaliona bonde lote. Vaa upanga wa chuma radi inapokaribia: chuma kinaanza kutoa cheche, na usipokivua haraka radi inakupiga. Ngao ya mbao inaungua. Mti ukiukata ukingoni mwa korongo unaanguka na kuwa daraja. Hakuna aliyekuja kukuambia mambo hayo. Unayajaribu kwa sababu akili yako ya kila siku inakuambia yawezekana, na yanakuwa. Watengenezaji walieleza mwaka huohuo, kwenye mkutano wa wabunifu wa gemu huko San Francisco, kwamba mawazo hayo waliyajaribu kwanza kwa gemu ndogo bapa iliyofanana na Zelda ya kwanza ya mwaka 1986. Bapa kabisa, vijimraba tu! Walihakikisha kwanza kuwa moto unajibu na mbao zinajibu, ndipo wakahangaika na uzuri wa mlima. Basi kama waundaji wenyewe wanaanza na jibu, sisi wanunuzi tunaanza na mlima kwa kibali cha nani?

Tuje kwenye mwendo. Hapa nawaomba utulivu, kwa kuwa ndipo macho yetu yanapopumbazwa zaidi.

Mwendo mzuri una mabwana wawili, jicho na mkono, na mabwana hao hawapatani. Jicho linataka mtu asogee kama binadamu: akigeuka, kwanza ahamishe uzito, apinde goti, bega lifuate. Mkono unataka nikibonyeza kushoto, aende kushoto sasa hivi. Mwaka 1985 Jordan Mechner alimrekodi kwa video mdogo wake David akikimbia na kuruka, akaufuatisha mwili wake picha kwa picha, na mwaka 1989 ikatoka Prince of Persia. Mtu mdogo aliyevaa nyeupe, hana hata sura, lakini alivyodaka ukingo wa ukuta na kujivuta juu, uliuona uzito wake. Na uzito huo ulikuwa na gharama: ukishabonyeza aruke, ameruka, huwezi kumrudisha. Mechner akajenga gemu nzima juu ya gharama hiyo, kila pengo likipimwa kwa hatua za yule mdogo wake. Huo ndio ufundi. Mwendo ulikuwa mzito na gemu ikautumia uzito wake.

Ndugu zangu, shikeni pedi ya Shadow of the Colossus, ya mwaka 2005, kazi ya Fumito Ueda na wenzake. Wander, mhusika unayemwendesha, si shujaa wa kutisha. Anaukamata upanga kama mtu asiyeuzoea, akikimbia anajikwaa. Unamfikisha kwenye mguu wa jitu lenye manyoya, unabonyeza kitufe cha R1, anashika manyoya. Na hapo kidole chako hakiachi tena. Jitu linajitikisa, mwili wa Wander unarushwa huku na huku, miguu inaning'inia, na duara la nguvu zake linapungua pembeni ya skrini. Kidole chako kinamshikilia. Ukikilegeza, anaanguka. Unangoja jitu litulie ndipo umwachie apumue, asimame, ayumbe, atafute mizani, nawe uinue upanga; likijitikisa tena kabla hujachoma, unarudi kushika. Sijaona mahali pengine ambapo mwendo wa mhusika na mkazo wa kidole cha mchezaji vimekuwa kitu kimoja kiasi hicho. Tena kwenye PlayStation 2, mashine iliyokuwa ikihema chini ya mzigo huo, fremu, yaani picha zinazopita kila sekunde, zikipungua wazi mbele ya macho yetu.

Upande wa pili iko Red Dead Redemption 2, ya Rockstar haohao, mwaka 2018. Arthur Morgan, mhusika wake mkuu, anafungua droo kwa mkono, anaokota kopo moja baada ya jingine, anamchuna mnyama hatua kwa hatua, na farasi wake anaacha nyayo kwenye theluji. Kwa jicho, ni kazi ya kuheshimiwa milele. Kwa mkono, wachezaji wengi walilalamika: unataka kugeuka mlangoni, yeye anazunguka kwanza kama meli inayotafuta gati. Ninaipenda gemu hiyo na lalamiko hilo naliona la haki. Na ndilo swali kubwa ninalotaka mliulize juu ya Grand Theft Auto VI, badala ya nywele na jasho: je, Jason atanijibu upesi kiasi gani? Gemu ikienda kwa fremu 30 kwa sekunde, kila fremu inakaa takriban sehemu 33 za elfu za sekunde. Ikienda kwa 60, ni kama 17. Mwili ukichelewa fremu sita tu katika ile ya 30, sehemu ya tano ya sekunde imepita kati ya nia yako na kitendo. Kwenye matembezi hutajali. Kwenye mapigano ya risasi umeshakufa. (Na kabla ya kuilaumu gemu, tazameni televisheni: nyingi zina mpangilio maalumu wa gemu unaopunguza ucheleweshaji, na kwenye mabanda mengi hakuna anayeuwasha.)

Mkiwa bado kwenye trela, basi, tazameni miguu kabla ya uso. Je, unyayo unakanyaga na kukaa, au unateleza juu ya ardhi? Akipanda ngazi, kila hatua inakutana na kidato, au anaelea? Mkono unakishika kitasa, au mlango unafunguka wenyewe kiganja kikiwa hewani? Akipigwa, mwili unapokea pigo upande ulikotokea, au anatikisika vilevile kila mara? Na umati wa ufukweni, ule uliotushangaza: ni wangapi wanafanya lao, na wangapi wanarudia ishara ileile kila baada ya sekunde chache? Jicho lililozoezwa kuuliza hivyo si jicho la kupumbazwa.

Picha nitazipitia haraka, na kwa makusudi. Mwezi Agosti 2000 Nintendo walionyesha Link, shujaa wa Zelda, na adui wake Ganondorf wakipigana kwa sura za uhalisia, watu wakashangilia. Agosti 2001 wakaleta Link mwenye kichwa kikubwa na macho makubwa, aliyepakwa rangi kama katuni, na watu wakakasirika. Wakasema Zelda imegeuzwa ya watoto. Gemu yenyewe, The Wind Waker, ikatoka Japani Desemba 2002. Tazameni leo gemu za uhalisia za mwaka ule, sura zake zilivyochakaa, kisha mtazame bahari ya Wind Waker. Haikuzeeka! Uamuzi wa msanii ulio thabiti huishi kuliko nguvu ya mashine. Basi ukizihukumu picha, uliza kama zina nia moja tangu jani hadi jumba, na kama adui anaonekana wazi usiku, mvua ikinyesha, ukiwa umekaa mita mbili kutoka kwenye skrini. Na usihukumu ukali wa picha kwa video uliyoitazama kwenye simu kwa kubana bando: video ikibanwa, majani, mvua na moshi ndivyo vinavyoharibika kwanza, na hivyo ndivyo unavyodai vibovu.

Lipo jambo linaloniuma zaidi ya yote hayo. Septemba 2022 mdukuzi aliiba na kumwaga hadharani video 90 za Grand Theft Auto VI ikiwa bado jikoni. Wizi ni wizi, sina neno la kuutetea. Lakini tulifanya nini sisi watazamaji? Tulicheka. Kuta hazijapakwa, maandishi ya majaribio yamejaa juu ya skrini, taa hazijawekwa, na tukasema gemu imekufa. Wakajitokeza hata waliodai kwamba picha ndizo hukamilishwa kwanza. Wakaibuka watengenezaji wa gemu nyingine, wa Control, wa Uncharted 4, wakatoa kwa hiari yao video za mwanzo za kazi zao zilizosifiwa dunia nzima: masanduku matupu yasiyo na rangi, watu wasio na nguo wala sura. Walifanya hivyo kuwakinga wenzao. Usione vyaelea, vimeundwa. Na sisi tuliukuta mtumbwi ungali gogo tukaucheka kwa kutoelea.

Na tazameni hasara yetu. Ndani ya video zile kulikuwa na jaribio la Lucia akivamia mgahawa, watu waliomo wakiitikia kitisho chake. Yaani mwitikio! Kitu kilekile ambacho trela hazikutuonyesha kilipita mbele yetu, nasi tukawa tunazomea rangi ya ukuta. Naomba kicheko cha namna hiyo kikome miongoni mwetu. Wako vijana wetu Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wanaojifunza kutengeneza gemu kwenye kompyuta za kuazima, nao watatuonyesha masanduku yasiyo na rangi. Tukiwazomea leo, kesho hawatatuonyesha kitu.

Upole huo kwa kazi changa usigeuke uzembe wa kufungua pochi. Fedha msitoe mapema! Juni 2012 Ubisoft walionyesha Watch Dogs huko Los Angeles: upepo, mvua, mwanga wa taa za magari kwenye lami iliyolowa. Ilipotoka Mei 2014, mengi yalikuwa yamefifia, na mafundi wakagundua ndani ya mafaili ya kompyuta baadhi ya athari zile zikiwa zimezimwa. Cyberpunk 2077 ilionyeshwa mwaka 2018 kwa video ndefu ya uchezaji iliyowatia watu wazimu. Nakala zaidi ya milioni 8 zikawekewa oda kabla ya kutoka. Wahakiki wakapewa kwanza toleo la kompyuta pekee. Tarehe 10 Desemba 2020 wenye PlayStation 4 na Xbox One wakafungua wakakuta magofu, na kama wiki moja baadaye Sony wakaiondoa kwenye duka lao na kurudisha watu fedha. Ikarudi dukani Juni 2021, na baada ya miaka ya matengenezo imekuwa gemu ya kusifiwa kwelikweli. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: hao milioni 8 walilipia mkakasi. Aliyengoja alipata gemu nzuri kwa bei ndogo. Hivyo Rockstar waliposogeza tarehe kutoka mwaka 2025 hadi 26 Mei 2026, kisha hadi 19 Novemba 2026, waliolia walikosea. Aliyekuambia mapema kuwa kazi haijaiva amekutendea haki.

Kipimo hiki kiwe kimoja kwa wote, hata kwa kilicho chetu. Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau, ya Surgent Studios ya Uingereza, iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji mwenye asili ya Kenya, yule aliyempa sauti Bayek wa Assassin's Creed Origins. Aliitengeneza akiwa na majonzi ya kufiwa na baba yake, na unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Nilipolisikia jina la Kalunga, mungu wa mauti, likitamkwa hivyo kutoka kwenye televisheni, nilijisikia kutaka kusimama. Lakini sitaisifu kwa hilo peke yake, nanyi msiisifu hivyo. Naisifu kwa kuwa mhusika wake Zau anabadili barakoa ya jua na ya mwezi katikati ya pigo, papo kwa papo, bila mwili kukwama, na kidole kinajisikia kinatawala. Na naikosoa kwa kuwa aina za maadui ni chache, ukafika mahali mkono ukawa umeshayajua majibu yote. Sifa na kosa, vyote viwili vimepatikana kwenye pedi.

Basi ikifika siku ambayo Grand Theft Auto VI iko mkononi mwa jirani yako au kwenye banda la mtaani, nenda na nusu saa yako uitumie vyema. Usikimbilie hadithi. Zungusha mhusika papo hapo, kushoto kulia, uhisi kuchelewa kwake. Panda ngazi, shuka, ingia kwenye kona finyu uone kamera inafanya nini. Mkaribie mtu barabarani bila silaha, simama mbele yake, umngoje aseme kitu. Gonga gari taratibu, kisha kwa nguvu, na ulinganishe anachofanya dereva. Vunja kioo cha duka, zunguka mitaa miwili, urudi uone kama bado kimevunjika na kama mwenye duka anakukumbuka. Ingia majini na nguo, utoke, utazame zinavyokauka. Kisha mpe mwenzako pedi naye ajaribu yake, mkae chini mlinganishe mlivyojibiwa.